Mlengwa wa Dawa ya Mishipa

Mimi ni mwalimu wa Biolojia, na ugonjwa wa walimu wa Biolojia ni kueleza. Mtu akikohoa mbele yetu tunamchorea mapafu. Akisema amechoka tunamletea habari za glukosi na seli nyekundu, na tukimaliza amechoka zaidi. Nafundisha sekondari moja ya Makambako, mji ambao upepo wake unaweza kukuvua kilemba huku unasalimia watu, na kwa miaka mingi niliamini kwamba shida ya watu wengi ni kutoelezwa vizuri. Kwa imani hiyo nusura nimuue mama yangu.

Mama anaishi kijijini, upande wa Kichiwa, kwenye nyumba ya tofali za kuchoma na bati la kijani, na shamba la viazi linaanzia mlangoni. Miaka kadhaa nyuma alikatwa ziwa la kushoto kwa sababu ya saratani, kisha akapelekwa Dar es Salaam kupigwa mionzi. Alirudi amepona. Alicholalamikia ni joto la Dar, ambalo kwa maelezo yake lilimchoma kuliko mionzi yenyewe. Halafu, wakati tulishaacha kuzungumzia ugonjwa, ngozi ya pale palipopigwa mionzi, ambayo ilikuwa imekakamaa kama ngozi ya kiatu cha zamani, ikapasuka. Kikatokea kidonda cha ukubwa wa kifuniko cha soda.

Kidonda kikagoma kufunga. Mama alipaka asali, akapaka majani ambayo mpaka leo amekataa kunitajia, akaombewa na kina mama wa usharika, na kidonda kikaendelea kupanuka bila heshima kwa mtu yeyote. Hospitali walimpima wakasema saratani haijarudi. Ni ile mionzi ya zamani: iliua mishipa midogo ya damu ya pale, na nyama isiyofikiwa na damu haiponi. Tiba yake ni upasuaji, kuleta nyama yenye damu yake kutoka mgongoni na kuziba. Mtaalamu wa kazi hiyo haishi Njombe, lakini huja na kambi ya madaktari bingwa. Tusubiri, tutapigiwa simu.

Tukasubiri. Wengine wakisubiri hufuma vitambaa. Mimi husoma. Saa ya chai, wenzangu wakigombania maandazi ofisini, mimi nilikuwa na simu mkononi nasoma kazi za watafiti wa mbali, watu ambao maabara zao zina umeme siku zote. Na huko nikakutana na kitu kilichonisahaulisha chai. Kumbe mishipa ya damu iliyopigwa mionzi haikai kimya. Ukuta wake wa ndani huchomoza vijiprotini fulani ambavyo mishipa mizima haina, au inavyo vichache. Watafiti wakajiuliza, kama mishipa yenyewe inajitangaza, kwa nini dawa isiifuate hapo ilipo? Wakatengeneza vifuko vya mafuta, vidogo kiasi kwamba hadubini yetu ya shule, ambayo imebakiwa na lenzi moja, isingeviona hata kwa maombi. Ndani wakatia dawa ya kuotesha mishipa mipya. Nje wakabandika kingamwili inayovitambua vile vijiprotini. Unachomwa sindano mkononi, vifuko vinazunguka na damu mwili mzima, vikifika penye mionzi vinanasa na kushusha dawa hapo. Kwingine kote vinapita tu.

Katikati ya maelezo yao kulikuwa na aya moja inayotaja panya. Niliiruka. Nilidhani ni utaratibu wao wa kuandika.

Jumapili ile ile nikapanda basi kwenda kwa Mama. Nilimkuta jikoni anamenya viazi, kidonda kimefungwa bandeji chini ya sweta mbili, na baridi ya asubuhi bado imekaa mlangoni kama mgeni asiyeaga. Sasa, jikoni kwa Mama hakusemwi Kiswahili. Kiswahili ni cha ofisini na cha kuongea na watu wa kuja. Jikoni ni Kibena, na Kibena changu kinatosha kununulia viazi na kutoa pole msibani, hakitoshi kueleza kingamwili. Nilianza vizuri kwa kamwene, salamu yetu, nikaenda vizuri mpaka kwenye damu, nikavuka mishipa kwa taabu, nikafika kwenye kulenga nikakwama kabisa. Ikabidi niazime Kiswahili.

"Ni dawa lengwa, Mama. Inakwenda kwenye mishipa iliyolengwa tu. Ni kama mzigo ulioandikwa Makambako, kondakta hawezi kuushusha Mafinga."

Mama akamaliza kumenya kiazi chake. "Kwa hiyo ni ya walengwa," akasema, naye kwa Kiswahili.

"Ndiyo!" Nilifurahi mno. Nina wanafunzi wa kidato cha nne wasioweza kutumia neno jipya ndani ya dakika tano, na huyu mwanamke wa darasa la saba amelidaka hewani.

"Na wanamjuaje mlengwa?"

"Kuna alama. Waliopigwa mionzi wanayo alama."

"Mimi ninayo."

"Unayo kabisa, Mama. Wewe ndiye mlengwa mwenyewe."

Akatabasamu. Sikuwa nimemwona Mama akitabasamu tangu kidonda kilipofunguka, na nilirudi Makambako nikijiona kama nimegundua mimi hiyo dawa. Kwenye basi nilipanga mpaka somo la kuwafundisha wanafunzi.

Kwa asiyeijua nchi yetu, inabidi nieleze, na safari hii nitajitahidi kuwa mfupi. Kijijini neno mlengwa halina uhusiano na shabaha. Mlengwa ni mtu wa kaya maskini aliyeandikwa jina kwenye orodha ya msaada wa serikali. Kuna orodha, kuna kamati, kuna kuhakikiwa, na siku ya uhakiki usipoonekana unakatwa. Mama aliwahi kurukwa. Kamati ilipita, ikaona bati la kijani, ikaambiwa mjane huyu ana binti mwalimu, ikaandika kwamba ana uwezo. Uwezo wenyewe ni mimi. Hakuwahi kulisahau jambo hilo, si kwa shida ya msaada, bali kwa sababu jirani yake mwenye ng'ombe wanne aliandikwa. Sasa mtoto wake mwenyewe, msomi, amekuja mpaka jikoni kumwambia kuna orodha mpya, ni ya dawa, na yeye ndiye mlengwa mwenyewe. Jumatatu asubuhi alivaa kitenge chake cha ibada akaenda kwa mtendaji wa kijiji.

Mimi sikujua. Kila nilipopiga simu nilimuuliza kidonda kinaendeleaje, naye akanijibu, "Tunasubiri." Nikadhani tunasubiri kitu kimoja.

Miezi minne ikapita hivyo. Kisha siku ya Jumatatu, kipindi cha tatu, simu ikaita. Kambi ya madaktari bingwa imefika Njombe mjini, mtaalamu wetu yupo, atafanya upasuaji mpaka Ijumaa, mgonjwa aletwe kabla ya Jumatano mchana ili apimwe damu. Muuguzi aliyekuwa akimbadilishia Mama bandeji aliongeza maneno yake, bila kupamba: kidonda sasa ni kama kiganja, wiki iliyopita kilivuja damu nyingi, na kimebakiza kidogo kufika mbavuni. Kikifika kwenye mfupa, habari ya kuziba tuisahau. Kambi nyingine hakuna ajuaye itakuja lini.

Jirani yangu Makambako ni Mrangi wa Kondoa mwenye Fuso mbili na pikapu moja, mtu wa swala tano na maneno machache, na Jumanne alikuwa anakwenda Njombe kupakia viazi. Akasema tutapitia kwa Mama. Tulifika saa nne. Mama alikuwa amekaa barazani, amekonda, mkono wa kushoto ameukumbatia kwa wa kulia, na hata kwa mbali harufu ya kile kidonda ilikuwa inasikika. Jirani akamwamkia, akapewa kigoda. Nikamwambia Mama habari ya simu, nikamwambia afungashe.

"Siwezi," akasema. "Kesho kutwa wanakuja kuhakiki."

"Nani?"

"Wa dawa. Nikiondoka watanikata. Nimengoja miezi minne, mwanangu, nikatwe siku mbili kabla?"

"Dawa gani, Mama?"

Akanitazama kama ninavyowatazama wanafunzi waliosahau somo la juzi. "Dawa yako! Ya mishipa. Ya walengwa."

Hapo nikaelewa kila kitu kwa mara moja, na nilitamani nisielewe. Nikaanza kumweleza kwamba neno lile lilikuwa na maana nyingine. Nikamweleza tofauti ya mlengwa na shabaha. Niliongea kwa muda mrefu, kwa lugha mbili. Alinisikiliza kwa adabu, kisha akasema mtendaji mwenyewe ndiye aliyemwandika, na mtendaji ni serikali, na je, mimi mwalimu wa Makambako najua kuliko serikali?

Jirani yangu, ambaye alikuwa ameinamia kikombe chake cha chai, akainua kichwa. "Mwalimu, nisaidie mimi nisiyesoma. Hiyo dawa ipo au haipo?"

"Ipo kwenye utafiti."

"Nimeuliza ipo au haipo."

"Wameijaribu kwa panya," nikasema.

Mama akauliza, "Na hao panya wamepona?"

"Walionyesha maendeleo, Mama."

"Basi afadhali wao."

Mtu mwingine angecheka. Mimi nililia, palepale, mbele ya jirani, kwa sababu nilijua kwamba miezi ile minne kidonda kilikuwa kinakula kifua cha mama yangu huku yeye akikaa kwa subira akingoja kitu nilichomwahidi mimi. Alikuwa ameacha hata kumwuliza muuguzi habari za kambi. Mwezi wa pili wa kungoja, hospitali walimpa rufaa ya kwenda Mbeya akaipeleka kabatini, akaikalisha juu ya Biblia. Nani anakwenda Mbeya kukatwa nyama ya mgongo wakati dawa inayojua njia iko karibu kufika?

Tukaenda kwa mtendaji, watatu kwenye pikapu. Nilijiandaa kwa vita. Nilimkuta mtu mzima, mpole, amevaa koti la baridi ofisini, na juu ya meza ana kaunta buku lililofunikwa kwa gazeti ili lisichafuke. Nikamweleza. Akafungua kaunta buku. Kulikuwa na ukurasa mzima umepigwa mistari kwa rula, na juu yake, kwa herufi kubwa: ORODHA YA WALENGWA WA DAWA (MISHIPA). Jina la Mama lilikuwa la kwanza. Chini yake yalifuata mengine kumi na sita.

Nikasoma maelezo yao na nikaona matunda ya ualimu wangu. Kulikuwa na mama aliyeungua kwa uji wa moto, maana alisikia ni dawa ya walioungua. Kulikuwa na watatu wenye miguu ya kuvimba. Kulikuwa na wazee wanne wenye mshipa, ule wa ngiri ambao wanaume hawautaji mbele ya wakwe, kwa sababu waliambiwa dawa ya mishipa imekuja na kwa umri wao hawakuwa na muda wa kuuliza ni mishipa ipi. Kulikuwa na mmoja ambaye kwenye safu ya tatizo aliandikiwa: hana, ila asirukwe.

"Mtendaji," nikasema, "hii orodha umeelekezwa na nani?"

"Bado waraka haujafika, madam. Lakini mama alikuja akasema binti yake msomi amemthibitishia. Nikauliza kata. Kata wakasema tuendelee kukusanya majina, waraka utafuata."

"Na uhakiki wa kesho kutwa?"

"Hilo nililisema mimi. Watu walikuwa wanauliza sana. Ukiwaambia tarehe wanatulia."

"Hiyo dawa haipo. Waambie haipo."

Alifikiri kwa uaminifu kabisa. "Madam, mimi siwezi kusema haipo. Nikisema haipo halafu ikaja?"

Nimefundisha mbinu za kisayansi kwa miaka kumi na tisa, na mtendaji wa kijiji alinishinda kwa swali moja. Mama alikuwa amekaa kwenye benchi, mkono kifuani, anatusikiliza wote wawili, na niliona kwamba maneno ya mtendaji yamemwingia kuliko yangu.

Jirani yangu ndiye aliyepata njia, kwa sababu yeye ni mfanyabiashara na amekaa kwenye ofisi nyingi kuliko mimi. "Mtendaji, ndugu yangu," akasema, "mama huyu anataka kwenda hospitali. Anaogopa kukatwa. Je, mtu akitaka kujiondoa mwenyewe, kwa heshima, utaratibu ukoje?"

Uso wa mtendaji ukafunguka. Kumbe shida yetu ilikuwa kumpa jambo lisilo na utaratibu. Akaeleza vizuri sana. Mlengwa anaruhusiwa kujiondoa. Ataandika barua, ataeleza sababu, atasema nafasi yake inarudi kijijini au anamwachia nani wa kaya yake, itagongwa muhuri, itawekwa kwenye faili. Hapo hakuna atakayesema amekatwa. Ameondoka mwenyewe.

Mama akauliza, "Na nikiachia mtu wa kaya yangu, atapokelewa?"

"Atapokelewa, mama. Ndiyo haki."

"Basi tuandike."

Nikapewa karatasi. Mama miwani yake aliisahau nyumbani, kwa hiyo nikawa karani. Fikiria mwalimu mwenye shahada ameinama juu ya meza ya mbao, anaandika kwa mwandiko wa ubaoni barua ya kumtoa mama yake kwenye orodha isiyokuwepo, ya dawa isiyokuwepo, na mtendaji anamkumbusha aache nafasi ya muhuri. Niliandika anwani ya kijiji. Niliandika YAH: KUJIONDOA. Moyoni nilikuwa nishaanza kupanga jinsi nitakavyoisimulia ofisini saa ya chai.

"Sababu," akasema mtendaji.

Mama akasema taratibu, kwa Kiswahili chake cha ofisini, akinipa muda wa kuandika. "Naomba kujiondoa kwa sababu kidonda changu kimefika karibu na mfupa, na mimi sina umri wa kungoja."

Nikaandika.

"Nafasi yangu," akaendelea, "naomba apewe binti yangu, huyu mwalimu. Kwa sababu mama yangu mzazi alikufa kwa uvimbe wa ziwa, na mimi nimekatwa la kwangu, na huyu ana miaka arobaini na mitatu na hajapimwa hata mara moja. Kila nikimwambia anasema ana mitihani ya kusahihisha."

Kalamu ikasimama. Nikamtazama. Hakuwa ananitania, wala hakuwa amekasirika. Alikuwa anangoja.

"Mama, hilo si la barua."

"Mtendaji ameuliza nani. Nimetaja. Andika."

Jirani alitoka nje kuangalia tairi. Mtendaji alianza kufuta muhuri wake kwa kitambaa ingawa haukuwa na vumbi. Nikaandika, yote, mpaka mitihani ya kusahihisha, kwa mwandiko uleule mzuri. Mama akatia dole gumba, ingawa anajua kusaini, kwa sababu alisema dole halighushiki. Mtendaji akagonga muhuri. Kisha akachukua rula, akapiga mstari juu ya jina la Mama, na pembeni, kwa kalamu nyekundu, akaandika langu.

Kidonda cha Mama kilizibwa. Nitangulize hilo ili nisionekane natafuta machozi ya watu. Walimpasua Alhamisi, nyama ya mgongoni ikashika, na siku hizi anainua mkono mpaka kwenye kitambaa cha kichwani. Analalamika kwamba kifua chake sasa kinawasha mahali ambapo ni mgongo.

Lakini kabla ya hayo yote tulisimama kwenye foleni mchana ule wa Jumanne, Njombe mjini, ukungu umeshuka mpaka kwenye paa za hospitali. Jirani alishatuacha kwenda kupakia viazi vyake. Foleni ilikwenda polepole. Nilikuwa nimeshika bahasha ya vipimo vya Mama, nimeshika koti lake, nimeshika chupa ya chai, yaani nilikuwa na shughuli kama kawaida yangu. Kwenye meza ya mapokezi muuguzi alikuwa na daftari lake. Akatutazama, akauliza mgonjwa ni yupi.

"Tupo wawili," Mama akasema.

Muuguzi akaniuliza mimi nina tatizo gani. Nikafungua mdomo, na kwa mara ya kwanza sikuwa na la kueleza. Nikamwambia sijui, sijawahi kupimwa. Akasema sawa, akaandika jina la Mama, na chini yake akaandika langu.